Paa Moja na Mkwe

Bibiana ameshaisimulia hadithi hii Chumbageni nzima, dukani, msibani, hata kwenye foleni ya hospitali, na kila akiisimulia anaitia chumvi mpya. Juzi imenirudia kwa muuza mkaa: ati nilipiga yowe mpaka nyani wakahama msitu. Nyani hawakuhama. Basi naisimulia mwenyewe, kwa kuwa kama ni kuchekwa, nichekwe kwa niliyoyafanya kweli, nayo yanatosha.

Mimi ni Kazija binti Massoud, kungwi. Mwari anayeolewa upande wetu wa mji, kabla hajaingia kwa mumewe, anapita mikononi mwangu. Namfundisha kukaa na mume, na zaidi namfundisha kukaa na wakwe, kwa sababu mume utamzoea, mkwe hazoeleki. Hata vijana wa kiume mama zao huwaleta barazani kwangu wasikie yanayowahusu. Mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe. Hamkazii macho. Hampi mkono. Akikutana naye njiani hupisha pembeni na kuinamisha kichwa. Kulala naye chumba kimoja, hilo halitajwi hata kwa mfano. Akikuta mama mkwe yumo ndani, yeye hutoka, hata kama nyumba ni yake. Na mama mkwe naye ana yake: hafungui kichwa, hatafuni, hapayuki, hajinyooshi mbele ya mkwewe. Haya nimeyafundisha miaka na miaka, sauti juu, kidole juu. Kwenye jambo hili hakuna anayeniweza Tanga nzima, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mwenyewe.

Sasa, mwanangu Tuhfa anasomesha shule ya msingi huko Muheza, na huko huko akapata mchumba. Posa ililetwa kwa kaka yangu Amour, maana baba yake Tuhfa ametangulia mbele ya haki. Kijana anaitwa Fadhil, Mbondei, na kazi yake ni kuwatembeza wageni msituni, kule milimani juu ya Muheza. Amour akaniambia, “Mimi sina neno. Wewe ndiye mama. Ijumaa wazee wao wanakuja kuchukua jibu, sema ndiyo au sema hapana.” Tuhfa naye alikuwa ameshaniambia la kwake: anampenda, na nikikataa hatabishana nami, atanyamaza tu. Mwanangu akinyamaza namjua. Alipofiwa na baba yake alinyamaza karibu mwaka mzima, nikawa naongea na mgongo wake.

Na mimi nilitaka kukataa, nisiwafiche. Nilimtaka aolewe mjini, na mtu wa duka au wa ofisi, ili nikipika pilau nimpelekee likiwa bado la moto. Huyu kazi yake ni kutembea. Kutembea nako ni kazi? Nilituma maswali kwa wazee wao kupitia kwa Amour, mojawapo likiwa hili: huko kwao nyumba ina choo cha ndani, au mwanangu ataenda kulala na nyani? Amour aliniomba nilitoe hilo la nyani. Nikamwambia alipeleke hivyo hivyo.

Lakini kukataa hivi hivi, bila sababu, kungeniharibia kwa Tuhfa. Nilihitaji ila. Kijana awe mlevi, awe mkali, awe hasali, chochote cha kumwonyesha mwanangu na kusema, umeona? Nikamweleza Bibiana, jirani yangu. Bibiana ni muuguzi mstaafu, Mkatoliki, wazazi wake walitoka Songea kuja kukata mkonge wasirudi tena. Kila alfajiri anatembea na wenzake hadi Raskazone na kurudi, kwa ajili ya afya. Mimi afya yangu naitafuta nikiwa nimekaa.

“Si utembezwe naye?” Bibiana akasema. “Mimi nampigia simu, tunapanda mlima, tunalala huko juu, unamwona kutwa na kucha.”

Nilipaswa kumcheka. Badala yake nikaona ni shauri la maana. Fadhil sura yangu haijui, kwa sababu mimi sipigwi picha. Hata kwenye harusi ninazozisimamia, wa picha akija nageukia ukutani. Jina nitatumia la dada yangu, Mwanaima. Nikauliza jambo moja tu.

“Huko juu kuna vyumba?”

“Nafasi ipo,” akasema Bibiana.

Nikaridhika. Mtu mzima, kungwi, nikaridhika na nafasi ipo.

Na zile adabu za ukwe? Nilikuwa nimeshajipa fatwa. Huyu si mkwe wangu, na nikirudi na ila yangu mkononi hatakuwa. Mtu baki hana adabu za ukwe. Fatwa hiyo niliitumia siku nzima ile, ikachakaa.

Tulimkuta pale barabara ya gari inapoishia. Kijana mwembamba, masikio makubwa, anatabasamu kabla hujamaliza kumtazama. “Shikamoo, mama Bibiana. Shikamoo, Bi Mwanaima.” Nikageuka nyuma kumtafuta dada yangu. Bibiana akanifinya, ndipo nikaitikia marahaba.

Mizigo yangu naitaja mwenyewe kabla Bibiana hajaitaja. Nilikuwa na blanketi, birika ya kutawadhia, chupa ya chai, samaki wa kukaanga, mkate wa ajemi, na mto. Mto wa kulalia, ndiyo, ule wenye foronya ya kudarizi, maana sipati usingizi kwenye mto wa watu. Miguuni nilivaa raba za mwanangu Badru, ambaye ana miguu mikubwa, nikazijaza magazeti kwa mbele. Fadhil aliutazama ule mto, akanitazama mimi. Akaufunga juu ya begi lake, foronya ikiwa nje, tukaanza kupanda.

Kazi ya kutafuta ila nikaianza papo hapo. Nilimkaribia nimnuse kama anavuta sigara. Ananuka sabuni ya mche. Nikasubiri adhuhuri nione kama anasali. Alisimama kabla sijakumbuka mimi, akanionyesha maji na kibla, na mimi niliyetaka kumkamata nikawa ndiye ninayekumbushwa. Nikamuuliza maswali ya kumkasirisha, kwa mfano, “Mwanangu, hii ndiyo njia au umepotea?” nikaliuliza kila kona. Kila kona alijibu, “Ndiyo njia, Bi Mwanaima.” Nilichopata ni kimoja: anaimba vibaya. Anaimba akitembea, na sauti haikai mahali. Nikaiweka hiyo akiba.

Kisha nikakanyaga siafu. Sikuwaona, nilikuwa nimesimama kumuuliza kama ndiyo njia. Waliingia kupitia kwenye raba za Badru, wakapita magazeti, wakapanda. Wenzangu, nilicheza ngoma ambayo sijawahi kumfundisha mwari yeyote. Buibui nikalitupa huku, ushungi nikautupa kule, Bibiana ananichambua kama mchele huku akicheka, na nikapiga yowe, ndiyo, yowe nililipiga. Fadhil alikuwa ameshageukia mti, akauimbia ule mti mpaka nilipomaliza. Huyu si mkwe wangu, nikajiambia, nikaokota buibui langu.

Mbele kidogo kulikuwa na kijito. Kidogo, lakini kina mawe yenye utelezi na maji yanayokimbia. Bibiana akavua viatu akavuka akiongea. Mimi nikaweka mguu, nikautoa. Nikauweka tena, nikautoa. Fadhil akasubiri, akasubiri, mwisho akanigeuzia mgongo na kuchuchumaa. “Panda, Bi Mwanaima, kabla mvua haijaja.”

Nikautazama ule mgongo. Nawaambieni, yapo mambo ambayo hata kwenye mafunzo siyataji kwa sababu hakuna mwenye akili angeyafanya. Kwamba mama mkwe asipande mgongoni kwa mkwewe sijawahi kumwambia mtu. Huyu si mkwe wangu, nikajiambia, nikapanda. Mimi si mwepesi. Katikati ya maji nilimsikia akisema bismillahi mara ya pili.

Alasiri tukafika kwenye kibanda cha wapanda mlima. Nimeita kibanda kwa heshima. Kuta za mbao ambazo zimeachana, unaweza kuupitisha mkono ukamsalimu aliye nje, bati juu, mlango usio na komeo, choo cha shimo nyuma, chenye gunia badala ya mlango. Ndani, mafiga matatu chini, na kitanda kimoja kirefu cha mbao, kutoka ukuta hadi ukuta, wanapolala wageni wote kwa safu. Nikatafuta mlango wa pili.

“Vyumba viko wapi?”

“Ni hapa, Bi Mwanaima,” Fadhil akasema. “Nyinyi kitandani, mimi nalala chini mlangoni. Usiku kuna baridi, na nje hakulaliki.”

Nikamtazama Bibiana. Bibiana alikuwa anatazama mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa ukungu. Fadhil alisema siku ikiwa safi unaiona Tanga yote mpaka baharini, nami nilitamani kuiona, hasa ile sehemu yenye nyumba yangu.

Nifanyeje sasa? Kushuka siwezi. Nikafunga kanga katikati ya chumba iwe pazia, nikaona nimeokoa heshima. Halafu njaa ikanishika, na pazia likawa linanizuia kuufikia moto, nikalifungua. Nikapakua samaki wangu sahani moja, tukala sote watatu, mimi na Fadhil vidole vikigongana kwenye mkia. Ushungi ulikuwa umelowa jasho na ukungu, nikauvua nikautandaza karibu na moto. Miguu ilikuwa inaniwaka, nikainyoosha. Nikaegemea mto wangu wa kudarizi, nikasema nafumba macho kidogo tu. Bibiana anasema nilikoroma. Hapo hajatia chumvi, kwa maana niliamshwa na sauti yangu mwenyewe.

Nilipoamka mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya mlimani isiyo na papara. Tukasali magharibi, Bibiana akasubiri upande wake na rozari yake, kisha tukauzunguka moto wote watatu. Fadhil akachemsha chai na mchaichai. Na mimi, nikiwa kichwa wazi, miguu mbele, tumbo limejaa, nikajua nina tatizo. Siku nzima nimetafuta, na mkononi nina uimbaji tu. Nimwambie nini Tuhfa, kwamba hajui kuimba?

Bibiana ndiye aliyeyaanzisha. Muuguzi haachi kuuliza watu mambo yao.

“Na wewe mwanangu, umeoa?”

“Bado, mama. Nimeposa Tanga.”

“Kwa nani?”

“Kuna mwalimu mmoja. Anaitwa Tuhfa.” Alilitaja polepole, kama mtu anayeweka mezani kikombe kilichojaa.

Mimi nikaanza kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

“Hongera,” akasema Bibiana, bila hata kunitazama, mwanamke yule. “Na jibu lini?”

“Ijumaa. Lakini halitafika Ijumaa. Nikishuka kesho namtuma baba mdogo kwenda Tanga kuiondoa posa.”

Bibiana akapaliwa na chai. Mimi sikupaliwa, nilikuwa nimeacha kumeza.

“Kwa nini tena?” nikauliza, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, siijui ya nani.

“Mama yake hanitaki, Bi Mwanaima.”

“Umemjuaje?”

“Simjui. Nasikia ni kungwi mkubwa, mwenye adabu zake. Alituma maswali. Moja lilihusu nyani.” Akacheka kidogo, si kicheko cha ubaya. “Mimi halikuniudhi. Nyani wapo kweli, mahindi yetu wanayala wao kwanza. Baba mdogo ndiye aliyekasirika.”

“Basi kama hukuudhika, unaondoa nini?”

Akasukuma kuni ndani. 

“Tuhfa anampenda sana mama yake,” akasema. “Baba alipofariki, mama ndiye aliyekuwa kila kitu. Tuhfa ameniambia, mama akikataa sibishani naye. Nimelifikiria hilo, nimelifikiria. Mama akikataa, Tuhfa ataolewa na mwingine, lakini moyoni atabaki na kinyongo na mama yake, na kinyongo cha mama utakipeleka wapi? Unaishi nacho. Lakini mimi nikijitoa, kinyongo anakuwa nacho na mimi. Mimi niko mbali huku, anitukane atakavyo. Mama yake atakuwa amebaki naye.”

“Na yeye anajua?” Bibiana akauliza.

“Hajui. Akijua haitafaa kitu.”

Sasa nitazameni hapo. Nilichokipandia mlima, nilichokitafuta kwa pua na kwa macho siku nzima, kimeletwa mpaka kwenye mafiga. Sikutakiwa kusema hata neno. Ningemaliza chai yangu, nikalala, nikashuka. Posa ingeondolewa na wenyewe. Mimi ningefungua mikono na kumwambia Amour, kheri. Tuhfa angekuja kunilalia mapajani akilia, nami ningemfuta machozi kwa ncha ya kanga na kumwambia wanaume ndivyo walivyo, mwanangu, mama ndiye anayebaki. Na angeniamini. Angenishukuru. Nilijiona kabisa nikimfuta yale machozi, niliona mpaka kanga gani nimevaa, na hapo nikajichukia. Nawaambieni nilijichukia kuliko ninavyomchukia mtu yeyote, na mimi ninaowachukia ni wengi.

Bibiana akanikanyaga mguu. Hakuwa na haja.

“Fadhil,” nikasema. “Mimi si Mwanaima. Mwanaima ni dada yangu, yuko Pangani, miguu inamuuma, hajawahi kupanda hata ngazi. Mimi ni Kazija. Mama yake Tuhfa ni mimi.”

Alinitazama mara moja. Moja tu, lakini ilikuwa ndefu. Ilianzia kwenye nywele zangu zenye mvi zilizo wazi, ikashuka kwenye sahani yenye miiba ya samaki, ikafika kwenye miguu yangu iliyonyooshwa motoni, na nikayaona yote yanampita usoni moja baada ya jingine: siafu, kijito, mgongo, mkoromo. Kisha akakitua kikombe. Akajiziba macho kwa mkono, akainuka, akajigonga kichwa kwenye boriti la mlango, akatoka nje mvuani. Mlango ukarudi wenyewe.

Bibiana akautazama ule mlango.

“Umemfukuza,” akasema.

“Nimeona.”

“Hata tochi hajachukua.”

“Bibiana, nimeona.”

Nikalia. Bibiana anapoisimulia hadithi hii sehemu hiyo huiruka, na kwa hilo namshukuru. Nililia kwa sababu nilidhani anateremka mlima usiku ule ule kwenda kumwamsha baba yake mdogo. Nilijua atasema nini: huyo mwanamke si kwamba ana masharti tu, ni mwongo, amenipanda mgongoni kwa jina la kuazima. Na angekuwa na haki. Posa ingeondolewa na Tuhfa angejua ni kwa ajili yangu, na angeninyamazia, safari hii mpaka nife. Nilikuwa nimempata mkwe ambaye kama angeletwa barazani kwangu na mama mwingine ningemwonyesha wari wote kwa kidole, nami nimempoteza ndani ya dakika ambayo nimempata.

Bibiana akajitanda kanga kichwani, akachukua tochi, akatoka. Nikasikia sauti yake, kisha sauti ya chini, kisha yake tena, kali, ile ya wodini. Akarudi amelowa mabega.

“Hajaenda popote. Amekaa hapo ukutani, chini ya ncha ya bati, amejifunika turubai la kuni. Ametugeuzia mgongo, anatazama msitu.”

“Amekasirika?”

“Sijui. Nimemwambia aingie, amekataa.”

“Amesemaje?”

“Amesema hawezi, mama yupo ndani.”

Nikafuta pua. “Rudia.”

“Amesema hawezi kuingia, mama yupo ndani. Nikamwambia, mama gani, si huyu huyu uliyembeba mgongoni mchana? Akashika kichwa. Akasema, mama Bibiana, tafadhali usinikumbushe.”

Nikakaa kitako kwenye zile mbao. Tangu asubuhi nilikuwa Bi Mwanaima, Bi Mwanaima kila kona. Wanawake wangapi amewatembeza mlimani huyu, akalala nao kwenye kibanda hiki, yeye mlangoni na wao kitandani, bila wasiwasi wowote? Hakuna hata mmoja aliyemkimbia. Mwanamume hatoki kwenye moto akaenda kukaa mvuani kwa ajili ya mama wa mtu baki. Kama bado alikuwa na nia ya kuiondoa posa, mimi kwake ni nani? Angekaa pale pale, akamaliza chai yake, akanitukana kwa adabu.

“Sasa hii nayo ni akili?” Bibiana alikuwa anaendelea, akikamua kanga. “Kwangu mkwe anakaa sebuleni na rimoti ameshika yeye. Kijana atapata nimonia, mimi nakwambia kama muuguzi. Mwite. Wewe ndiye mwenye hizo sheria, mwambie leo umemruhusu.”

“Siwezi.”

“Huwezi nini? Mchana kutwa ulijiruhusu.”

Kweli, nilijiruhusu. Na maneno ya kumwita nilikuwa nayo mdomoni tayari, yale yale ya siku nzima: ingia, mwanangu, hapa hakuna ukwe. Basi hapo ndipo nilipokwama. Hakuna ukwe. Nikimwita ndani, nimemwambia yeye si mkwe wangu, nimempa jibu la Ijumaa usiku huu huu, na shahidi ni Bibiana. Angeingia, angepata joto, na kesho angeshuka mlimani na kumtuma baba yake mdogo. Nikimwacha nje, analowa. Mtoto wa watu, mwembamba vile, na shati moja. Nilitamani aingie, wallahi. Nilitamani nimpe na ule mto.

“Kazija,” Bibiana akasema, “utamwacha huko?”

Nikaurudisha ushungi kichwani, ukiwa bado na unyevu na unanuka moshi na samaki, nikaufunga sawasawa. Nikaikunja miguu. Nikaiweka ile sahani nyuma yangu, isionekane, ingawa aliyepaswa kutoiona alikuwa ameshakula nusu yake. Kisha nikainuka nikaenda mlangoni. Sikuufungua. Nikageuza uso pembeni, nikasema kupitia kwenye mbao.

“Fadhil.”

“Naam, mama.” Sauti ilitoka karibu sana, upande wa pili wa ukuta.

Bibiana alikuwa amesimama nyuma yangu na blanketi langu, akingoja niufungue mlango, kijana aingizwe.

“Usiingie,” nikamwambia. “Baki huko huko, mkwe wangu. Blanketi anakuletea Bibiana.”



“Ahsante, mama,” akasema, na meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi.